Nyongeza

Nyanya nusu kilo, euro mbili. Nilisimama mbele ya hizo nyanya kwenye supamaketi moja ya Berlin, pakiti mkononi, kichwa kikizidisha mara 150. Shilingi mia tatu. Nikairudisha polepole mahali pake kama mtu aliyeshika mali ya wenyewe.

Mama yangu huuza nyanya. Kibanda chake kiko Kayole, na saa kumi alfajiri huwa ameshafika Marikiti kuchagua kreti. Nimelelewa na nyanya. Lakini kusema ukweli, nilikuwa nakionea aibu kile kibanda. Nikiwa chuo, wenzangu wakiniuliza mzazi anafanya kazi gani, nilijibu kwamba yuko kwa biashara ya mazao. Mwaka wa tatu karo ikanishinda, nikaacha, nikawa naandikia watu makala mtandaoni, pesa ya leo nala leo. Ndiyo nikajifunza Kijerumani na kupata nafasi ya kujitolea mwaka mmoja kwenye kituo cha wazee. Chama cha Mama kikanikopesha nauli.

Kule nilipewa chumba na euro 400 kwa mwezi. Themanini zilikuwa za chama. Ukitoa simu na vitu vidogo vidogo ambavyo hakuna mtu hukuonya juu yake, zilibaki kama 30 za chakula kwa wiki. Mwenye kujua kununua angeishi nazo vizuri. Mimi sikujua.

Wiki za kwanza nilikula tambi. Tambi na mayai, tambi na kitunguu, tambi na hasira. Siku moja nikaona duka la Waafrika lina unga mweupe wa mahindi, kilo moja kwa euro tatu na senti. Nilinunua. Nilisonga ugali nikala na chumvi kwa sababu pesa ya mboga ilikuwa imeingia kwa unga.

Yako mambo nilijifunza kwa kuumia. Chini ya bei kubwa huandikwa nyingine kwa herufi ndogo, ile ya kilo au lita, na hiyo ndiyo bei ya kweli. Vitu vya bei nafuu huwekwa rafu ya chini kabisa, uiname. Jumapili supamaketi karibu zote zimefungwa, kwa hivyo ukisahau Jumamosi utalala na ulichonacho. Vyakula vinavyokaribia tarehe hubandikwa karatasi ya kupunguza bei. Na chupa nyingi za plastiki zina amana ya senti 25 kila moja. Unailipa ukinunua, unarudishiwa mashine ikimeza chupa.

Hizo chupa ndizo zilinifikisha mahali. Watu wa Berlin huacha chupa kando ya pipa la taka ili anayeziokota asiingize mkono ndani. Jioni moja nikapita pipa, nikaona nne. Euro moja nzima. Niliangalia nyuma, nikaangalia mbele, nikazitia kwenye begi. Nilitembea haraka sana. Usiku huo Mama alipiga simu, swali lake la kwanza likawa lile lile la kila siku.

"Umekula nini?"

"Kuku," nikasema.

"Kuku tena? Huko mnakula vizuri."

Nyuma yake nilisikia mteja akiuliza ni nani, naye akajibu kwa sauti ya kujidai, "Ni kijana wangu, anasoma Ujerumani." Sikuwa nasoma popote, na yeye alijua. Nilikuwa nawaosha wazee na kuwabadilishia shuka. Sikumkosoa. Mimi nami nilikuwa nimekula kuku.

Kilichotuponza ni biashara. Jumamosi moja alipiga video nikiwa dukani, akataka nimwonyeshe mboga. Nikazungusha simu. Aliangalia kama mkaguzi. Kwa nini vitunguu vimefungwa kwa neti, utajuaje aliyeoza katikati? Hizo hoho zimetoka wapi? Nyanya ni pesa ngapi? Nilipomwambia alipiga kelele mpaka mzungu mmoja akageuka. Kisha, bila kubadilisha sauti:

"Na wewe umebeba nini? Onyesha kikapu."

Ningeweza kusema mtandao umekatika. Sijui kwa nini sikusema. Niligeuza simu: pakiti tatu za tambi, mayai, kabichi moja.

Alinyamaza. Nikaona jicho moja na sehemu ya leso, kwa sababu yeye hushika simu hivyo.

"Kabichi si mbaya," akasema mwishowe. "Lakini unanunua kama mtu hana mama. Huko hakuna soko la nje? Nenda wakati wa kufunga. Hakuna mtu anataka kurudi nyumbani na mzigo. Na usinunue kwa wa kwanza, hata kama anakuita mpenzi."

Soko lilikuwepo. Kule Maybachufer, kando ya mfereji, kila Jumanne na Ijumaa, na wengi wa wauzaji ni Waturuki. Nilikuwa nimepita hapo mara nyingi nikidhani ni la watalii. Ijumaa iliyofuata nilifika ikikaribia saa kumi na mbili jioni. Wauzaji walikuwa wanaita kwa sauti, bei zikishuka ukiwa umesimama hapo hapo. Nikajisikia niko Muthurwa. Nilipita meza zote bila kununua, nikarudi. Hoho mfuko mzima, euro moja. Nyanya zilizoiva sana, za kupika leo au kesho, karibu kilo mbili, euro moja.

Nilipolipa, mkono wangu ulibaki umenyooka. Sikujua Kijerumani cha nyongeza, na hata sasa sikijui. Mzee alinitazama, akatazama mkono, akacheka, akanirushia fungu la dhania.

Nilipika nikampigia Mama aone sufuria. Aliuliza bei ya kila kitu, akataka kujua dhania ilikuwa fungu kubwa kiasi gani. Halafu akaniambia pesa za chama za mwezi huo nisitume, ameshaongea nao. Tulizozana. Nilituma. Akanikatia simu na siku mbili hakupokea zangu.

Siku ya tatu alipiga mwenyewe, niko kwenye zamu. Nilijificha stoo ya shuka. Nikasikia mteja tena, anauliza huyo kijana anasomea nini.

"Hasomi," Mama akasema. "Anafanya kazi ya kutunza wazee. Na huko nyanya nusu kilo ni mia tatu, kwa hivyo wewe chukua hizi zangu na uache kulalamika."

Kisha akanigeukia. "Umekula nini?"