Duka Lililofunguka Kabla ya Siku Yake

Wahenga walinena, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mama huchagua viatu vya mitumba Gikomba alfajiri, akaviuza hapa kwetu Umoja. Likizo iliyopita nikataka vijiuze vyenyewe kwenye intaneti.

Nilitumia WordPress, programu iliyoanza mwaka 2003 kwa ajili ya kuchapisha maandishi. Nikaiongezea WooCommerce, iliyotoka 2011, ambayo huleta bei, kikapu na mahali pa kuagizia. Zote mbili hutolewa bure. Utamu wake ni kwamba makala na bidhaa hukaa chini ya paa moja: juu waeleza jinsi ya kutunza ngozi, chini waweka kiatu chenyewe.

Lilikuwa duka la majaribio tu. Kila kiatu nilikiandikia shilingi 10, nikawaonyesha wenzangu, nao wakasambaza. Kumbe! Jumamosi jirani akabisha hodi, simu mkononi.

"Jirani, nimekuja kuchukua zile raba nyeusi nilizoagiza. Ni kumi, sivyo?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaanza kujitetea ati ni majaribio. Mama akanikatiza, "Bei uliandika wewe?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akamfungia raba, akapokea kumi yake, kisha akanigeukia: "Hizo huwa mia sita. Zilizobaki utalipa wewe."

Mpaka leo nimelipa mia tatu. Duka sasa lina maandishi makubwa juu: HILI NI JARIBIO, HATUUZI BADO. Ndugu msomaji, bei ukishaitundika hadharani ni ahadi, hata kama ulikuwa unajaribu tu.