Kikomo cha Meza na Kikomo cha Mfuko

Karata si ngeni katika mwambao wa kaskazini wa Cabo Delgado. Kutoka Kionga, karibu na mdomo wa Ruvuma, hadi Palma na Mocímboa da Praia, wazee huketi barazani alasiri wakicheza sueca, watu wanne, wawili kwa wawili, wala hakuna fedha inayopita mikononi. Hata majina ya karata zenyewe, kopa, uru, shupaza na pau, yaliachwa na Wareno. Lakini mchezo uliomteka mpishi mmoja wa Palma haukutoka barazani. Ulitoka kambini.

Mpishi huyo, mtu wa makamo, aliwahi kuajiriwa katika kambi moja ya wafanyakazi wa ujenzi huko Afungi. Usiku, vyombo vikishaoshwa, wageni walicheza mchezo wa Texas. Kila mtu hupewa karata mbili za siri. Kisha karata tano hufunuliwa mezani: tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu ya mwisho. Mara nne wachezaji huweka dau, na mwenye karata tano bora huchukua fungu lote. Mwaka 2007 Bunge la jimbo la Texas, Marekani, liliutambua mji wa Robstown kuwa chimbuko la mchezo huo. Ulienea sana duniani baada ya mwaka 2003, pale mhasibu Mmarekani, Chris Moneymaker, alipotwaa dola milioni 2.5 katika mashindano ya Las Vegas. Mashindano hayo yalichezwa bila kikomo, yaani mtu aweza wakati wowote kusukuma mezani kila alicho nacho.

Hivyo ndivyo mpishi alivyofundishwa: bila kikomo.

Machi 2021 Palma iliposhambuliwa, alikimbilia Pemba kwa mashua pamoja na mkewe na watoto. Waliporejea hawakukuta paa. Mume alipata kazi ya kupika katika nyumba moja ya wageni kwa mshahara wa metikali 9,000 kwa mwezi. Mke alikaanga vitumbua alfajiri na kuviuza njiani. Kidogo kidogo wakaweka akiba ya bati, hata ikafika metikali 14,000.

Usiku mmoja mpishi aliichukua akiba ile. Alikuwa na magulamu wawili mkononi, na wa tatu akafunuliwa mezani. Moyo ukamdunda kwa furaha. Hakuzingatia kwamba mezani palikuwa na kopa tatu. Alisukuma fedha zote. Mchuuzi wa samaki aliyemkabili akafunua kopa mbili, zikatimia tano. Kwa mkono mmoja wa karata, kazi ya miezi mingi ikawa imekwisha.

"Bwana, fedha za bati ziko wapi?" mkewe alimwuliza asubuhi. Hakupata jibu. Mama yule hakupiga kelele. Alichukua karai lake la vitumbua akatoka. Kimya kile kilimuumiza mumewe kuliko matusi.

Ndipo mpishi na wenzake, miongoni mwao mvuvi, fundi seremala na askari polisi kijana, walipokubaliana kubadili kanuni. Tangu siku ile dau likawa metikali 20 katika duru mbili za kwanza na 40 katika duru mbili za mwisho, na katika kila duru dau lisiongezwe zaidi ya mara tatu. Huo ndio mchezo wa kikomo, ambao Wamarekani waliucheza kwa miaka mingi kabla ule wa bila kikomo haujatawala.

Mpishi alidhani ni mchezo uleule kwa fedha ndogo. Sivyo. Zamani silaha yake ilikuwa hofu: akiwa na karata mbovu alisukuma metikali elfu moja, na wenziwe wakakimbia. Sasa nani atakayeikimbia 40? Kila mtu alibaki hadi karata ya mwisho, na hila zake zikageuka sadaka. Tena karata zake nzuri zilishindwa mara nyingi zaidi, kwa kuwa waliobaki walikuwa wengi.

Ilimbidi ajifunze upya. Alijifunza kutupa karata mbovu mapema bila kuona haya, na kuongeza dau bila kusita alipokuwa na nzuri. Alijifunza pia hesabu. Ikiwa fungu lina metikali 280, na kuiona karata ya mwisho ni 40, yatosha ashinde mara moja katika nane. Mwenye kopa nne anangoja moja kati ya kopa 9 zilizosalia, katika karata 46 asizoziona. Hupata takriban mara moja katika tano. Kwa hiyo alipe. Katika mchezo wa bila kikomo adui angeweka 1,000 na kumfungia njia.

Mpishi alirudi nyumbani akijisifu. "Mke wangu, nimepona. Sasa tunacheza kwa kikomo."

Mkewe alileta daftari la vitumbua. "Nieleze, Bwana. Mkono mmoja ukienda vibaya kabisa, unatoa kiasi gani?"

Wakahesabu pamoja. Duru mbili za kwanza, 20 mara nne, yaani 80 kila duru: 160. Duru mbili za mwisho, 40 mara nne, yaani 160 kila duru: 320. Jumla metikali 480.

"Mikono 19 ya namna hiyo ni zaidi ya mshahara wako," mke alisema. "Na kwa usiku mmoja mnacheza mikono mingapi? Kikomo mmekiwekea dau. Usiku hamkuuwekea, wala mwezi."

Mama yule alikuwa ameligusa donda. Kikomo cha meza hakimkingi mtu peke yake. Andy Beal, mwenye benki wa Dallas, alicheza na mabingwa wa Las Vegas mchezo huohuo wa kikomo. Februari 2006 Phil Ivey alimshinda zaidi ya dola milioni 16 kwa siku tatu. Bila kikomo mtu huanguka kutoka mnazini. Kwa kikomo huzama kama mashua inayovuja, na anayezama polepole huchelewa kuita msaada.

Jambo hili lawahusu hasa askari walio mbali na nyumba zao, ambao mshahara huwafika kwa mkupuo na jioni zao ni ndefu. Dini zimekwisha kukataza kamari. Lakini hata asiyesikia dini na asikie hesabu: fedha ya nyumbani itangulie nyumbani, kabla ya karata kuchangwa.

Mke wa mpishi alikuwa na mchezo wake pia. Ni upatu wa wanawake kumi, kila mmoja metikali 200 kwa wiki. Kila wiki mmoja wao hupokea 2,000. Nao una kikomo, una zamu, una subira. Tofauti ni kwamba hapana anayeshindwa. Mpishi akaomba jina lake liandikwe, na kwa kuwa upatu ni wa wanawake, mkewe akaandikwa mara mbili.

Wenzake walipompitia Jumamosi iliyofuata, aliwaambia kwamba 200 zake zimekwisha kuwekwa. Kisha akaenda barazani kucheza sueca na wazee. Bati za kwanza ziliezekwa upande wa chumba cha watoto, kabla ya mvua za kaskazi. Yule askari kijana ndiye aliyeshika ngazi.