Kasulu hadi Kibondo: Nyumba ya wakfu na stara ya mgeni

Barabara inayotoka Manyovu, mpakani na Burundi, ikapita Kasulu na kuendelea hadi Kabingo, ina urefu unaozidi kilomita 260. Wapitao humo ni wa kila namna: mchuuzi wa maharage, mtumishi aliyehamishwa kituo, mama anayemfuata mgonjwa wake hospitalini Kabanga. Usiku wa nyanda hizi ni wa baridi, na kila mmoja wao huuliza atalala wapi.

Swali hilo ndilo lililotupeleka Kibondo, sisi wanakamati wa msikiti mmoja wa Kasulu. Tulikuwa tumemaliza kuikarabati nyumba ya wakfu yenye vyumba sita, ambayo mapato yake yanategemewa kwa posho za walimu wa madrasa. Ilibaki kuamua namna ya kuigawa kwa wageni wa siku chache. Baadhi yetu walitaka vyumba vikubwa vikatwe kwa mbao ili vifike vinane, kwa hoja kwamba walimu hawalipwi kwa stara bali kwa fedha. Hoja hiyo haikuwa ya kupuuzwa, kwani posho zilikuwa zimekwisha kuchelewa.

Nyumba yenyewe ni ile ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, na nyuma uani penye jiko, bafu na choo. Umbo hili ni la watu wa pwani, na lina hekima yake. Mgeni asiye wa nyumbani huishia barazani, na kadiri mtu anavyokwenda ndani ndivyo anavyokaribia faragha ya familia. Anayetaka kuipangisha nyumba ya namna hii kwa watu wasiojuana budi ajue kwamba ukumbi wake hugeuka kuwa njia ya wote, na uani huwa pa wote.

Kibondo ilitufunza mengi. Kambi ya Nyarugusu, upande wetu wa Kasulu, iliwapokea Wakongo tangu mwaka 1996. Nduta, upande wa Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi. Watumishi wa mashirika wakahitaji malazi, na wenye nyumba wakaongeza kuta. Kisha hali ikabadilika: Warundi wengi wakarejea kwao, na kambi ya Mtendeli, wilayani Kakonko, ikafungwa mwaka 2021. Mzee mmoja aliyetupokea kwa “Mwakeye” na makofi ya Kiha alitutembeza katika nyumba iliyogawanywa kwa mbao zisizofika darini. Anayekohoa chumba cha kwanza husikika cha tatu. Mpangaji aliyekusudiwa ameondoka, na mtu mwenye mke na watoto akichungulia hugeuka.

Tuliporejea tulipiga hesabu. Vyumba vinane vikilaliwa siku kumi kwa mwezi ni malazi 80. Sehemu tano zikilaliwa siku ishirini ni malazi 100. Hakuna aliyeweza kuapa kwamba ndivyo itakavyokuwa, lakini sote tuliona kwamba wingi wa milango si wingi wa mapato.

Tukaamua hivi. Vyumba viwili vya nyuma vya upande wa kushoto vimeunganishwa kwa mlango wa ndani, vikapewa mlango wao wa uani pamoja na choo na bafu lao, nyuma ya ua wa matofali. Hiyo ni sehemu ya familia. Vyumba vinne vilivyobaki ni vya msafiri mmoja mmoja, na choo chao kiko upande wa pili, ili mwanamke asipite usiku mbele ya wanaume asiowajua. Hakuna ukuta wa kudumu uliobomolewa. Wajao baada yetu wakiona vinginevyo, wataweza kubadili.

Sayyidna Umar alipopata shamba Khaybar alielekezwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, alizuie shamba lenyewe na atoe sadaka matunda yake. Kwa sababu hiyo sehemu ya kwanza ya kodi tumeitenga kwa matengenezo, kisha ndipo walimu. Na kwa kuwa ijara haisihi ila muda na ujira vijulikane, bei ya usiku na saa ya kuondoka vimebandikwa ukutani, na kila mgeni huandikwa katika daftari kabla ya kukabidhiwa ufunguo.

Tunawausia ndugu wenye nyumba, hasa mirathi ambazo warithi wanataka kuzipangisha: kabla ya kumwita fundi, simameni uani baada ya Isha, mtazame nani atapita mbele ya mlango wa nani. Suratun-Nur imetufundisha kubisha hodi na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba za watu. Basi na tujenge nyumba ambazo hodi hiyo ina maana. Mwenyezi Mungu atuwafikishe.