Ndege wa Tingatinga na Fundi wa Fremu

Picha ya ndege yenye jina E.S. TINGATINGA pembeni si lazima iwe imechorwa na Edward Saidi Tingatinga. Mzaliwa huyo wa Tunduru, wa mwaka 1932, alichora kwa muda mfupi tu, kuanzia 1968 hadi 1972, alipouawa Dar es Salaam kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Kazi zake halisi ni chache. Zinazobeba jina lake ni tele. Kuzichambua ndiko kulikochukua sehemu kubwa ya maisha ya kazi ya mwandishi wa tawasifu hii, fundi wa fremu wa Kinondoni.

Fundi wa fremu huanza kuijua picha kwa mgongo wake. Huilaza kifudifudi mezani, hung'oa misumari ya zamani, hupangusa vumbi, na hapo ndipo picha huanza kusema. Tingatinga alitumia rangi za baiskeli juu ya hadibodi iliyokatwa mraba, takriban sentimita 60 kila upande. Ndege aliyechorwa kwenye kitambaa hutiliwa shaka mara moja, kwa sababu kitambaa kilienea baadaye. Hadibodi iliyokaa miaka mingi katika joto la pwani hukolea rangi kwa mabaka: palipofunikwa na fremu hubaki peupe, pembe huvimba kwa unyevu na nyuzi zake hufumuka. Ubao uliopakwa majimaji ya chai ili uzeeshwe hukolea sawasawa kila mahali. Uzee wa kweli hauna nidhamu hiyo.

Mbele, kinachotazamwa kwanza ni nafasi. Picha za mwanzo huwa na mandhari ya rangi moja na ndege mmoja au wachache, manyoya yao yamezungushiwa mistari na kujazwa madoa. Ubao ukiinuliwa ubavu dirishani, madoa huonekana yamesimama juu ya rangi ya mwili. Kwa jicho la mwandishi, madoa ya Tingatinga mwenyewe hayalingani, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Tausi aliyebanwa na twiga, maua na viboko, juu ya anga iliyochanganywa rangi tatu, ni wa vizazi vya baadaye.

Kazi ngumu kuliko zote ni za wanafunzi wa kwanza: Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Casper Tedo na Simon Mpata, ambaye baadaye alihamia Nairobi na kupata wapenzi wengi Japani. Kundi hilo lilikulia kwenye biashara ya picha ya mwalimu wao, iliyokuwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay, kwa mbao na rangi za aina moja, kwa hiyo mgongo wa picha hautoi jibu. Wala kunakili ndege wa mwalimu hakukuwa wizi. Ndiyo ilikuwa shule yenyewe. Kesi huanza jina linapoongezwa. Kwa kioo cha kukuzia, jina la siku nyingi huwa limepasuka pamoja na rangi iliyo chini yake, ilhali lililoongezwa hupita juu ya nyufa na uchafu.

Wajuzi wa kauri za Ujerumani nao wanalijua tatizo hili la jina la kuongezwa. Kiwanda cha Meissen, ambako Johann Joachim Kändler alifinyanga ndege tangu miaka ya 1730, kina alama ya panga mbili za buluu iliyoigwa na wengi, hivyo wajuzi hao hukagua kwanza udongo na ufundi, ndipo alama.

Mwisho huulizwa njia ambayo picha imepitia. Baadhi ya zilizoletwa kutoka Temeke zilikuwa zimeachwa na wageni kwa watumishi wao wa nyumbani walipoondoka nchini. Picha ya kamera iliyopigwa sebuleni miaka hiyo, ubao ukionekana ukutani nyuma ya watu, ina uzito zaidi ya saini yoyote. Katika daftari la kazi, kila ubao uliandikwa kwa moja ya njia tatu: wa Tingatinga, wa wanafunzi wake, au wa mtindo wake. Nyingi ziliingia kundi la tatu, na baadhi ya wenyewe walizichukua bila kusubiri fremu.