Balibadilisha Motere

Katika soko la magari yaliyotumika hapa Kolwezi, kuna sentensi moja inayosikika kuliko zote: "Balibadilisha motere." Kiswahili chetu cha Katanga hakipendi sana kauli ya kutendwa. Pale ambapo mtu wa Dar es Salaam angesema "injini ilibadilishwa", sisi tunasema "balibadilisha", yaani ba- fulani, watu wasio na jina, walifanya kazi hiyo wakaenda zao. Wenzangu wa isimu wanajua kwamba muundo huu una ndugu zake katika Kibemba na Kilunda, na huenda tuliurithi kutoka kwa majirani hao. Darasani niliusoma kama suala la sintaksia. Julai iliyopita niliukuta ukisimama kati ya mama yangu na dola 4,800.

Dola hizo zilikuwa zake. Mama hupika bukari, sombe na samaki, na kila siku ya kazi hupeleka sufuria zake upande wa Mashamba, anakouza chakula kwa wafanyakazi wanaobadilishana zamu. Msomaji asiyelijua eneo letu asidanganyike na jina. Neno ni lile lile la Kiswahili, wingi wa shamba, lakini leo ukitaja Mashamba watu wanafikiria mashimo ya migodi: Mashamba Mashariki, lililo chini ya kampuni ya KCC, na Mashamba Magharibi, lililoingia katika mkataba wa Wachina wa Sicomines. Jina limebaki na jembe, ardhi imebaki na shaba na kobalti. Barabara za huko zina vumbi jekundu wakati wa kiangazi na matope kuanzia Novemba. Kubeba sufuria tatu za moto nyuma ya pikipiki katika barabara hizo ni kazi ambayo mama ameifanya miaka sita, na kovu la kuungua lipo mguuni mwake.

Pesa alizipata kwa likelemba. Wanawake kumi na wawili huchanga kila mwezi na kumpa mmoja wao, kwa zamu. Mama alikuwa akipokea zamu yake na kuiweka, mwaka baada ya mwaka, hadi ilipofika 4,800. Hakukuwa na mkopo wa benki, wala mtu wa kutuongezea. Gari likifa, zamu zote zile zingekufa nalo.

Nyumbani kwetu tulikuwa tumeshaona gari likifa. Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi katika mpango wa kuondoka kwa hiari, na kila mmoja akapewa pesa za mwisho kwa mkupuo. Baba alikuwa mmoja wao. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, kwa hiyo ninachokijua ni cha kusimuliwa: alinunua basi dogo la abiria kutoka kwa mtu aliyemwambia kwamba injini yake ni mpya, kwa sentensi ile ile ya ba-. Basi lilifanya kazi miezi mitano. Baada ya hapo lilikaa uani kwetu, kuku wakataga mayai ndani yake, na nilipoanza shule ya msingi lilikatwa na kuuzwa kama chuma. Baba alikufa bila kujua ni nani aliyebadilisha injini ile, kama kweli kuna aliyeibadilisha.

Basi mama aliponiambia, "Papa, wewe unasoma luga, utanisaidia kununua motoka," nilicheka kidogo, kisha nikaona kwamba hakuwa anatania. Kwa maoni yake, kununua gari kuukuu ni kusikiliza watu wakizungumza. Fundi wa kuangalia chuma alikuwa naye tayari, mtoto wa dada yake, ninayemwita Yaya. Alichokuwa amekosa ni mtu wa kuangalia maneno.

Tulitafuta Toyota IST. Sababu si za kifahari. Ni gari dogo linaloonekana kila mahali katika miji yetu, kwa hiyo vipuri vyake vipo na kila fundi analijua. Injini zake za familia ya NZ hutumia mnyororo badala ya mkanda wa ndani unaopaswa kubadilishwa kila baada ya kilomita kadhaa. Toleo la kwanza lilitengenezwa kuanzia 2002. Magari haya hutoka Japani, hushuka bandarini Dar es Salaam, huvuka Tunduma, hupita Zambia, huingia kwetu Kasumbalesa, na hapo huwa yameshatembea karibu kilomita 2,000 kwa magurudumu yake. Usukani wake uko kulia, ilhali Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Ukitaka kulipita lori la mgodi kwenye njia ya Likasi, dereva haoni mbele, na abiria wa kushoto ndiye anayemwambia apite au asubiri. Wenye bajeti yetu wanajua kwamba wananunua gari la macho mawili ya mtu mwingine.

Gari la kwanza lilikuwa la fedha, limeoshwa vizuri, na bei ilikuwa 4,700. Bei ilitajwa kwa Kifaransa, kama zote. Sifa zilisemwa kwa Kiswahili. Komisionere aliyelileta alinigeukia mimi kila mara, akaniita "shefu", ingawa pesa zilikuwa kwenye kitambaa cha mama. Nilimwachia aendelee, kwa sababu mtu anayedhani anazungumza na kijana asiyejua magari huzungumza kwa uhuru.

"Motoka iko muzuri, haina shida. Iko na kasauti kadogo ku mbele. Inazimikaka tu asubui, kama kuko baridi."

Sentensi hizo tatu zina sarufi ya kutosha. Ya kwanza haina shida hata moja. Ya pili ina sauti, lakini imewekwa katika ngeli ya ka-, ambayo kwetu hupunguza kila kitu: kamutu, kanyumba, kasauti. Kasoro zote nilizozisikia wiki zile zilikuwa za ka-. Kavuja kadogo, kamoshi kadogo, kashida ka umeme. Hakuna muuzaji aliyewahi kuniambia kwamba bei yake nayo ni kabei. Yaya alitikisa gurudumu la mbele na kunionyesha kwamba kasauti kale ni viungo vya chini viwili vya kununua, pamoja na kazi ya siku nzima.

Ya tatu ndiyo iliyonivutia zaidi. Komisionere angeweza kusema "ilizimika", mara moja, basi. Alisema "inazimikaka". Kiambishi -ak- kwetu huonyesha jambo la mazoea, linalotokea kila mara. Hakukusudia kutuambia hivyo. Tu- na li- mtu anaweza kuzichagua kwa hila, lakini nadhani -ak- humtoka msemaji kwa sababu ndivyo anavyolijua jambo lenyewe. Tuliomba kurudi kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, kabla injini haijawashwa. Kolwezi iko juu ya mita 1,400, na asubuhi za Julai zina baridi kweli. Tulipofika, boneti ilikuwa tayari ya moto.

Kisha akasema sentensi yenyewe: "Tena balibadilisha motere. Iko ya mille cinq cents."

Mama hakuwa amesema kitu tangu tufike. Akauliza neno moja: "Banani?"

Ni wingi wa "nani", kama tunavyousema sisi. Komisionere akajibu, "Mama, ni bale ba garaji." Garaji gani? Ya Lubumbashi. Ya nani kule Lubumbashi? Mwenye gari ndiye anayejua. Mwenye gari yuko wapi? Alisafiri.

Hapo mimi na Yaya tukafungua boneti. Kwenye ukuta wa nyuma wa chumba cha injini, gari la Kijapani huwa na kibati chenye namba ya chesi, na namba hiyo husomeka kama neno lenye viambishi. NCP60 ni IST ya injini ya 1,300. NCP61 ni ya 1,500. NCP65 ni ya 1,500 inayovutwa na magurudumu manne. Kibati kilisema NCP60. Lakini injini yenyewe ilikuwa na alama ya 1NZ, ambayo ni ya 1,500. Komisionere alikuwa amesema kweli. Injini ilikuwa imebadilishwa. Ilikotoka, imetembea kiasi gani, nani aliyeifunga na kwa uangalifu gani, hayo yote yalikuwa ndani ya ba-.

Kulikuwa na ushahidi mmoja zaidi, mlangoni upande wa dereva. Mafundi wa Japani hubandika kikaratasi wanapobadilisha mafuta ya injini, wakiandika tarehe na kilomita. Watu wengi huku hawakibandui kwa sababu hawakisomi. Mwaka mara nyingi huandikwa kwa hesabu ya enzi za wafalme wao. Enzi ya Heisei ilianza 1989, kwa hiyo ukiona namba ya Heisei, ongeza 1988. Kikaratasi kilisema Heisei 28, yaani 2016, na kilomita 142,000. Dashibodi, mwaka huu, ilisema 96,000. Gari lilikuwa limesafiri kurudi utotoni.

Tuliondoka bila ugomvi. Komisionere alikuwa akitafuta riziki yake, na sina hakika kama yeye mwenyewe alijua. Ndiyo faida ya ba-: kila anayepokea sentensi anaweza kuipitisha bila kuwa mwongo.

Tuliangalia magari mengine manne. La sita lilikuwa IST nyeupe iliyofifia, yenye mkwaruzo mlangoni, ya mwalimu aliyekuwa anahamia Likasi. Dashibodi yake ilisema 187,000, namba ambayo hakuna mtu angeitengeneza ili kujisifia. Ukiwasha, sauti ya kike ya Kijapani inakulalamikia kuhusu kadi ya kulipia barabara za kwao ambayo haijaingizwa, na mwalimu alikuwa ameshazoea kumjibu, "Ndiyo, mama." Injini tuliikuta baridi. Iliwaka mara ya kwanza. Moshi haukuwa wa buluu wala mweupe mzito. Chini ya kifuniko cha mafuta hakukuwa na ute wa rangi ya maziwa, ule unaoonyesha kwamba maji yameingia. Namba ya kibati, ya kadi ya gari na ya karatasi za forodha zililingana herufi kwa herufi. Yaya alilipeleka kwenye barabara ya vumbi, akarudi, akasema tu kwamba vidhibiti mshtuko vya nyuma vimekwisha.

Mama akamuuliza mwalimu kama injini ilibadilishwa.

"Mama, miye sikubadilisha. Mbele ya miye, sijui."

Nimeisikiliza sentensi hiyo mara nyingi kichwani. Ina mtendaji, nafsi ya kwanza, na ina mpaka. Upande huu wa mpaka ninajibu mimi. Upande ule sijui. Haitupi hakika yoyote kuhusu injini, lakini inatuambia mahali hasa ambapo hakika inaishia, na kwa mtu mwenye pesa za mara moja tu hiyo ni habari yenye thamani.

Mwalimu alitaka 4,000. Mama alitoa hesabu yake ya vidhibiti mshtuko na matairi mawili, wakakutana kwenye 3,700. Hakutaka kuzidi hapo, kwa sababu alikuwa amepanga tangu nyumbani kwamba pesa zote 4,800 zisiishie kwenye gari. Zile 1,100 zilizobaki zilikwenda kwenye vipuri, betri, bima na kuhamisha jina kwenye kadi, na kiasi fulani kikarudi kwenye kitambaa. Gari la 4,700 lingetuachia dola mia moja na kasauti. Noti zilihesabiwa mara tatu na kuinuliwa juani moja moja. Kwetu dola yenye kijitundu au kona iliyochanika haipokelewi, na mama alikuwa amezihifadhi zake miaka yote hiyo zikiwa zimenyooshwa ndani ya Biblia.

Mkataba wa mauzo huandikwa kwa Kifaransa, na tuliuandika hivyo. Mama hasomi Kifaransa. Akaniambia niandike na karatasi ya pili, kwa Kiswahili anachokisoma, na niweke majibu ya mwalimu kama alivyoyasema. Nikaandika: "Mimi, muuzaji, sikubadilisha injini ya gari hili. Nimelitumia miaka mitatu. Nilibadilisha klachi ya kompresa na betri. Yaliyofanyika kabla yangu siyajui." Mwalimu akasoma polepole, akasahihisha miaka mitatu kuwa miaka mitatu na miezi miwili, akatia sahihi. Mama akatia yake.

Karatasi hiyo haina nguvu kubwa mbele ya hakimu, najua. Lakini katika lugha yetu ya kila siku, ambamo mambo mengi hufanywa na ba-, ilikuwa mara ya kwanza kuona nyumbani kwetu karatasi ya gari ambayo kila kitenzi chake kina mwenyewe.