Kikombe cha Jioni

Mwenzetu hakuanza kunywa kwa anasa. Alikuwa akitafuta usingizi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kikitoka Bugolora, kilipinduka karibu na Ukara, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Mumewe alikuwa miongoni mwao. Baada ya matanga alianza kunywa nusu kikombe cha gongo kila jioni, taa za wavuvi wa dagaa zinapowaka ziwani. Nusu ikawa kikombe, kikombe kikawa chupa.

Sisi akina mama wa kikundi cha sala hapa Nansio tulipojua, tulimkemea. Tukaimwaga gongo yake, tukafunga na kuomba. Siku ya pili akatetemeka, akatokwa jasho, akaona watu wasiokuwapo. Tukasema ni pepo. Mmoja wetu akasema, "Jamani, twendeni hospitali, tutaomba njiani."

Huko tulijifunza. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku asiachishwe ghafla bila daktari; anaweza kupatwa na degedege, hata kufa. Tena, pombe huleta usingizi mapema, kisha huukata usiku wa manane na kuzidisha huzuni na wasiwasi. Kesho yake mtu hunywa tena kutuliza yaleyale yaliyozidishwa na pombe.

Alirudi nyumbani hatetemeki tena. Lakini giza lilipoingia, alitafuta kikombe. Hakujua namna nyingine ya kuipita saa ile.

Ndipo tukagawana jioni. Mmoja huchambua naye dagaa, mwingine husonga naye ugali wa muhogo, mwingine humsikiliza akimtaja marehemu, jambo tulilomkataza zamani tukidhani tunamfariji. Ameanguka mara mbili. Hatukumtenga, tulimrudisha kwa daktari. Sasa yupo nasi, na bado tunamwendea.

Mama msomaji, huenda unaye jirani asiyelala bila pombe au bila vidonge vya usingizi. Huenda ni wewe. Usianze na lawama, wala usimwage chupa. Nendeni hospitali, kisha kaeni pamoja jioni. Eliya alipochoka hata akatamani kufa, Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, akampelekea mkate na maji. Sisi tulichelewa kulikumbuka hilo. Wewe usichelewe.