Mimi Nani?

Boti iliondoka Dar es Salaam saa moja asubuhi, na hata majengo ya mjini hayajapotea nyuma yetu, nilikuwa nimeshakumbatia mfuko wa kutapikia. Mimi ni mtoto wa Sumbawanga. Maji makubwa niliyoyajua ni Ziwa Rukwa, nalo nililitazama nikiwa nchi kavu. Baada ya kama saa mbili Unguja ikajitokeza, na mbele kabisa Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultan Barghash mwaka 1883, lililoporomoka sehemu Desemba 2020.

Nilikuwa naenda kuanza chuo Tunguu. Furaha ilinizidi. Kabla boti haijafunga gatini, niliipiga picha barua yangu ya kuchaguliwa chuo, nikaiweka kwenye status: majina matatu, namba ya simu, namba ya mtihani wa kidato cha nne. Kwetu habari njema hutangazwa, hata jogoo akichinjwa jirani anajua. Sikuona kosa.

Wiki ya kwanza nilifikia kwa bibi mmoja wa Mkunazini, jamaa wa rafiki wa baba. Mji Mkongwe ulinipoteza mara nne kabla sijafika. Vichochoro vyake ni vyembamba kiasi kwamba ukikutana na pikipiki, unajibandika ukutani kama mjusi. Lakini milango! Kwetu mlango ni wa kuzuia mbuzi, na mgeni hupiga hodi akiwa ameshakaa kwenye kigoda. Mlango wa bibi ni mbao nzito zilizochongwa, una misumari ya shaba yenye vichwa vikubwa kama vikombe vya kahawa, na nyuma yake kuna komeo, mnyororo, na juu ya hayo pingo la mti.

Siku ya pili nilitoka kununua boflo (mkate, huku wanauita boflo). Niliporudi nikapiga hodi.

"Nani?"

"Mimi, bibi."

"Mimi nani?"

Nikataja jina. Kimya. "Jina kila mtu huweza kulitaja, mwanangu. Umetoka na nini, umerudi na nini?"

Nikataja boflo, mlango ukafunguka. Moyoni nikasema, uzee huu.

Siku ya tatu nilikuwa barazani nakula urojo, bajia iko mdomoni, simu ikaita. Sauti tamu, lafudhi ya bara kama yangu. Akanitaja kwa majina yote matatu, akataja chuo, akataja hata sekondari niliyosoma. Alisema anatoka ofisi ya mikopo, jina langu limekwama, zitaingia tarakimu sita, nimsomee azijaze. Kweli zikaingia. Nikaanza: "Nne, sifuri, saba..."

Juu ya kichwa changu dirisha likafunguka. Muuza samaki alikuwa mlangoni.

"Nani?"

"Mie, bibi."

"Mie nani?"

Tarakimu ya nne ikanikwama kooni. Nikamuuliza yule wa kwenye simu, "Samahani kaka, wewe nani hasa?" Akanitukana tusi zito, akakata.

Ndipo nikausoma ujumbe mpaka mwisho. Ulitoka WhatsApp, nao unaonya wazi tarakimu zile asipewe mtu. Angezipata zote, akaunti yangu ingehamia kwenye simu yake, na jioni ile shangazi zangu wote wangeombwa hela ya dharura kwa jina langu. Na yale aliyoyajua, yaliyonifanya nimwamini? Yote nilimpa mwenyewe. Hata shule: mwanzo wa namba ya mtihani ni namba ya shule, na matokeo ya NECTA yako wazi mtandaoni, shule kwa shule.

Kesho yake nilipanda daladala ya Tunguu. Mwenzangu mmoja wa Pemba, mwaka wa pili, alicheka mpaka akafuta machozi. "Kwani wee barua yako ungeibandika pale sokoni Darajani?" Akaniwekea WhatsApp namba ya siri ya pili, yaani pingo juu ya komeo. Kisha akaniambia nipige *106#, nione laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu.

Mimi nina laini moja. Zilikuja tatu.

Nikakumbuka stendi ya nyumbani, kijana wa kusajili laini ananiambia, "Kidole hakijasoma, weka tena." Mara tatu. Nami nilimwomba radhi! Nilidhani vidole vyangu vya jembe ndivyo vibovu. Hili liliniuma kuliko ile simu, maana tapeli wa simu sikumfahamu, lakini huyu tulisalimiana vizuri, nikamwachia na chenji. Mtu akiibiwa kwa laini zile, jina litakaloonekana kwenye usajili ni langu. Mchana wote uliishia dukani kwa kampuni ya simu, nikiomba zifutwe, na namba ya yule tapeli nikaituma 15040, inakopelekwa taarifa za utapeli.

Nilirudi Mkunazini magharibi imeshaingia.

"Nani?"

"Mimi, bibi. Yule wa Sumbawanga. Nimetoka na laini tatu, nimerudi na moja."

Kimya kidogo.

"Na boflo?"

Nilikuwa nimeisahau. Nikageuka kuelekea Darajani, nikapotea mara mbili tu.